Nimeanza kutumia kamera ndogo ya mfukoni: kwa nini picha zake zinatulia kuliko za simu?

#1 Mwanga wa Pembeni (mleta mada)

Wakuu, habari zenu.

Miaka yote nimepiga picha kwa simu, na simu yangu si mbaya. Sasa nimeshika kamera ndogo ya mfukoni, ile jamii ya sensa (kipande kinachopokea mwanga na kutengeneza picha) ya inchi 1, lenzi ya 24–70 yenye tundu la f/1.8 hadi f/2.8. Hizo 24 na 70 ni milimita kwa kipimo cha kamera ya filamu, namba ndogo inaona pana na kubwa inavuta karibu; namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Jina la kampuni nimeliacha makusudi, nikilitaja tu mashabiki watauteka uzi.

Niliyoyaona mwanzoni: ni ndogo kuliko nilivyodhani, ila ina uzito wa maana, ukiishika unajua umeshika kitu. Mbele haina mshiko wowote, alumini tupu, vidole vinatafuta pa kukaa. Pete inayozunguka lenzi nimeipenda mno. Nimeipa kazi ya kubadili tundu, nayo inazunguka kwa ulaini bila kelele. Skrini inainuka, kwa hiyo naweza kuishusha kamera kiunoni nikapiga bila kuinama. Kuwaka kwake si kwa haraka kama simu, mpaka lenzi itoke nje ndipo ufanye kazi. Menyu ndefu, mambo yanayohusiana yametawanywa kurasa tofauti.

Kilichonileta hapa ni kingine. Nimempiga mtoto amekaa karibu na dirisha, mwanga unamjia ubavuni. Nikampiga kwa simu, halafu kwa kamera. Ya simu ina kila kitu: pazia linaonekana, kona ya giza inaonekana, nywele zinahesabika. Ya kamera kona imebaki giza, lakini uso una mviringo, na kutoka kwenye mwanga kwenda kivulini ni hatua kwa hatua, hakuna mahali pa kukatika. Picha imetulia. Nimepiga vitu vingine pia, miti, ukuta, watu wakipita, hali ni hiyo hiyo.

Siamini kuwa ukubwa wa sensa peke yake unatosha kueleza hili. Wenye ujuzi, ni nini hasa kinachofanya picha itulie?

#2 Kiti cha Mbele

Nimekaa mbele kabisa nasubiri nondo. Weka hizo picha mbili mkuu, uzi wa kamera bila picha haunogi.

#3 Fundi Lenzi

Ni sensa mkuu, usihangaike.

Sensa ya inchi 1 ina milimita 13.2 kwa 8.8, yaani milimita za mraba 116 hivi. Kamera ndogo nyingi za zamani na baadhi ya simu zilitumia ile ya 1/2.3, ambayo ni milimita za mraba 28 tu. Hapo una eneo mara nne. Kwa tundu lile lile na kasi ile ile ya shata (kifunga mwanga), unakusanya mwanga mara nne. Mwanga ukiwa mwingi chenga (vile vinukta vinavyochafua picha) zinapungua, na chenga zikipungua programu ya ndani haina sababu ya kupakapaka ngozi ya mtu. Huo utulivu unaousema ni ngozi ambayo haijapakwa.

Ndiyo maana Sony walipotoa RX100 mwaka 2012 watu walishtuka. Ilikuwa mara ya kwanza sensa kubwa kuingia mfukoni.

#4 Namba Tupu

Fundi, hiyo sentensi ya mwisho irekebishwe. Sigma DP1 ilitoka 2008 ikiwa na sensa ya aina ya Foveon ya milimita 20.7 kwa 13.8, na iliingia mfuko wa koti bila taabu. Sensa ya ukubwa wa inchi 1 nayo Nikon walishaitumia 2011 kwenye mfumo wao wa Nikon 1. RX100 ilichofanya ni kuziweka pamoja sensa hiyo na zumu ya 28–100 ndani ya mwili wa gramu 240. Hilo ni jambo kubwa, lakini ni jambo tofauti.

Na wanaosoma kwa mara ya kwanza wasidhani kuna kitu hapo chenye milimita 25.4, yaani inchi 1 halisi. Ulalo wa sensa hiyo ni milimita 16 hivi. Kipimo kimerithiwa kutoka mirija ya kamera za televisheni za zamani: walipima kipenyo cha nje cha mrija wa glasi, na sehemu iliyopokea picha ilikuwa kama theluthi mbili ya hapo.

#5 Mwanga wa Pembeni

Picha nimeziambatisha. A ni simu, B ni kamera. Zote zimetoka moja kwa moja, sijagusa rangi wala mwanga.

#6 Kipanga

Nimeziangalia kwa makini. Mimi napenda A. Kwenye B nusu ya chumba imezama, sioni hata kuna nini nyuma ya mtoto.

#7 Kiti cha Mbele

Kipanga huyo huyo aliyesema kwenye uzi wa taa kwamba balbu moja sebuleni haitoshi. Kumbe ni tabia.

#8 Bi Kivuli

Kipanga hajakosea kupenda A, lakini sababu ya kuipenda ndiyo jibu la swali la mleta mada.

Simu haikupiga picha moja. Ilichukua kadhaa kwa mfululizo, ikazipanga, ikaziunganisha, halafu ikaigawa picha vipande vipande na kuamua mwanga wa kila kipande peke yake. Penye giza imeinua, penye mwangaza imeshusha. Mwisho ikaongeza makali kwenye kila ukingo. Ni kama kupiga pasi shuka: mikunjo yote inaondoka, pamoja na ile iliyokuwa inaonyesha kuna mtu amelala hapo. Uso wa mtoto kwenye A una mwanga unaokaribia kulingana pande zote mbili, ingawa dirisha liko upande mmoja. Jicho linajua kuna kitu hakikai sawa hata kama mwenye jicho hawezi kukitaja.

Kamera yako imefanya kazi ndogo zaidi: mfiduo mmoja (yaani sensa imepokea mwanga mara moja tu), na kanuni moja ya mwanga kwa picha nzima. Giza limebaki giza kwa sababu lilikuwa giza. Jibu liko kwenye uchakataji, sensa inafuata nyuma.

#9 Fundi Lenzi

Bi Kivuli, na kwa nini simu inalazimika kuunganisha picha kadhaa? Kwa sababu sensa yake ndogo haitoshi. Umezunguka nyumba ukarudi mlangoni kwangu.

#10 Jicho Kavu

Fundi, hoja hiyo ingesimama kama kusingekuwa na simu zenye sensa ya inchi 1. Zipo. Panasonic CM1 ilitoka 2014, Sharp Aquos R6 ikaja 2021, Xiaomi 12S Ultra 2022. Nimewahi kutumia simu ya jamii hiyo kwa muda, na picha zake zilikuwa picha za simu kabisa: vivuli vimeinuliwa, majani ya miti yana ukingo mweupe mwembamba. Ukubwa ni ule ule wa kamera ya mleta mada, mwonekano ni tofauti kabisa.

Halafu kuna jambo la pikseli, vile vinukta vya sensa vinavyopokea mwanga. Kamera ya megapikseli 20 kwenye sensa ya inchi 1 ina pikseli za mikromita 2.4. Simu ya megapikseli 50 yenye sensa ya 1/1.3 ina pikseli za mikromita 1.2, lakini inaunganisha nne kuwa moja, nazo zinakuwa 2.4. Ziko sawa.

#11 Namba Tupu

Kwa ukubwa wa pikseli ziko sawa, ila pikseli hizo za simu ni milioni 12 na za kamera ni milioni 20. Kinachoamua chenga za picha nzima ni jumla ya mwanga uliokusanywa, na hapo eneo linahesabika.

Lakini nyote mnaisahau lenzi. Chukueni 24–70 ya mleta mada. Mwanzoni, penye 24, urefu wa fokasi halisi wa lenzi ni milimita 8.8, ukigawa kwa 1.8 tundu lina upana wa milimita 4.9. Ukivuta hadi mwisho urefu halisi ni 25.7, gawanya kwa 2.8, unapata milimita 9 na ushei. Tundu la milimita 9 simu nyingi hazina pa kuliweka kwenye unene wao ule. Mleta mada, hiyo B ulipiga ukiwa umevuta zumu kiasi gani?

#12 Mwanga wa Pembeni

Taarifa za faili zinasema sawa na 50. Simu nilitumia lenzi yake ya kawaida bila kuvuta, nikasogea karibu ili mtoto ajae kwenye fremu.

#13 Dada Shata

Basi hapo tulikuwa tunalinganisha vitu viwili visivyolingana tangu mwanzo.

Ukisogea karibu na uso kwa lenzi pana, pua inakuwa karibu sana na lenzi ukilinganisha na masikio, kwa hiyo pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Ukisimama mbali ukavuta kwa 50, tofauti hiyo inapungua na uso unarudi kwenye uwiano tunaouzoea tunapozungumza na mtu. Inayofanya hivyo ni umbali uliosimama, lenzi inakukatia fremu tu. Wapiga picha za sura wanapenda 70 na kuendelea kwa sababu inawalazimisha kurudi nyuma.

Mkuu, rudia. Simama mahali pamoja, vuta zote mbili zifike fremu moja, ndipo tuongee.

#14 Bi Kivuli

Dada Shata, hoja nzuri kwa nyuso. Miti na ukuta je? Amesema na vyenyewe vimetulia. Mti wa mbali hauna pua.

#15 Mzee wa Filamu

Wanangu, nawasoma tangu juzi.

Kamera nzuri ya mfukoni haikuanza na hizi. Rollei 35 ilitoka 1966 ikipiga filamu kamili ya milimita 24 kwa 36, na ilikaa kwenye kiganja. Mwaka 1979 Olympus wakaleta XA, kazi ya mbunifu wao Maitani Yoshihisa, ina kifuniko cha kuteleza, lenzi ya 35 f/2.8 na fokasi ya kulinganisha taswira mbili. Mimi nimeitumia XA miaka mingi. Picha zake zilikuwa na huo utulivu mnaoutafuta kwa hesabu, na ndani hapakuwa na kompyuta ya kupiga pasi wala ya kuacha kupiga pasi.

Nauliza: mleta mada alitumia muda gani kabla ya kubonyeza? Simu unainua, unagusa, imekwisha, unapiga nyingine kumi. Hiyo ndogo yako unasubiri lenzi itoke, unazungusha pete, unaangalia ukingo wa fremu. Katikati ya kufanya hayo umesogea hatua moja kushoto, umesubiri mtoto atulize mikono. Nusu ya utulivu wa B iko kwenye mkao wa mtoto. Tazameni vidole vyake kwenye A, vimekatwa na ukingo wa fremu. Kwenye B viko vyote.

#16 Kiti cha Mbele

Nimerudi juu kuangalia vidole. Mzee amesema kweli, vimekatwa.

#17 Jicho Kavu

Shikamoo mzee. Heshima yako, lakini filamu ilikuwa na milimita za mraba 864. Ukiileta XA kama ushahidi unamsaidia Fundi Lenzi.

#18 Mzee wa Filamu

Marahaba. Amsaidie tu. Nilichosema mimi hakihitaji kipimo.

#19 Mgeni Hapa

Samahani kuingilia. Na mimi nafikiria kuchukua kamera ya aina hii. Betri inadumu? Na kuitia mfukoni kweli haina madhara?

#20 Tembea Pole

Mgeni, karibu. Niongelee mfuko, maana umeniuma.

Lenzi inayotoka na kurudi inavuta na kusukuma hewa kila unapowasha na kuzima. Ukiitia mfuko wa suruali wenye nyuzi, vumbi na vipande vya karatasi, siku moja punje itaingia na kutua kwenye sensa. Ilinipata. Ilionekana kama doa la kijivu angani kila nilipofunga tundu kufikia f/8, na nikifungua hadi f/2 linapotea. Kwenye kamera ya kubadilisha lenzi unafungua unapuliza. Kwenye hizi mpaka mwili ufunguliwe na fundi, hiyo si kazi ya kufanyia mezani kwako.

Kwa hiyo: mfuko mmoja uwe wa kamera tu, usiutie funguo wala leso. Pata kijaluba chembamba cha kitambaa laini, kigeuze ndani nje ukung'ute mara kwa mara. Usiiwashe ikiwa bado ndani ya kijaluba, mota ya lenzi ikikwama hiyo ni safari nyingine. Na funga kamba ya mkononi, kwa sababu mleta mada ameshasema mwili hauna mshiko.

Mimi bado naibeba kila siku. Kamera iliyobaki nyumbani ikilindwa haina faida kwangu.

#21 Namba Tupu

Kuhusu betri: angalia namba ya CIPA (kipimo cha chama cha watengenezaji kamera cha Japani) ya kamera husika, ila ujue inapatikanaje. Kipimo hicho kinapiga flashi kwenye nusu ya picha. RX100 ya kwanza iliandikiwa picha 330, Ricoh GR III imeandikiwa 200. Anayepiga mfululizo bila flashi anaweza kuzidi, anayekaa akitazama picha kwenye skrini atapungukiwa. Betri ya pili ni lazima, usibishane na nafsi yako.

#22 Kiti cha Mbele

Tulianza na utulivu wa uso wa mtoto, sasa tuko kwenye nyuzi za mfukoni. Napenda jukwaa hili.

#23 Kipanga

Mimi niliyependa A nina neno moja la kuisifia kamera ndogo, na hakuna aliyeligusa: flashi.

Simu nyingi zina taa ya LED. Inawaka kwa muda mrefu, ni dhaifu, na mtu akisogea anaacha mkia. Kamera nyingi za mfukoni zina flashi ya zenoni inayolipuka na kuisha kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, kwa hiyo inamgandisha mtu. Zaidi ya hapo, shata ya hizi ndogo iko ndani ya lenzi. Kamera zenye shata ya pazia mbele ya sensa nyingi zinaishia 1/200 au 1/250 ukitaka flashi iangaze fremu nzima, lakini shata ya ndani ya lenzi haina kizuizi hicho. Jua la mchana likiwa nyuma ya mtu, unaweka 1/1000, anga linabaki na rangi yake, flashi ndogo inajaza uso. Nilifanya hivyo kwa kamera ya rafiki yangu na sikuamini kuwa kitu kidogo vile kimefanya kazi ile.

#24 Bi Kivuli

Kipanga, leo umenifurahisha. Wote wanaotaka vivuli vijazwe wangejaza hivyo, kwa mwanga wa kweli.

#25 Jicho Kavu

Narudi kwenye swali. Mleta mada, picha hizo umezilinganisha kwenye skrini gani?

Nauliza kwa sababu simu za sasa zinahifadhi ndani ya picha maelekezo ya ziada ya mwangaza. Ukiiangalia A kwenye simu yenyewe, skrini inapandisha sehemu zinazong'aa kupita nyeupe ya kawaida, na picha inapata uhai. Ukiipeleka kwenye kompyuta yenye skrini ya kawaida, maelekezo yale hayatumiki. Inabaki picha iliyobanwa, vivuli juu, mwangaza chini, yote inakaribia kuwa ya kijivu. Yaani umeionea A kwa kuitoa nyumbani kwake. JPEG ya kamera imetengenezwa kwa skrini ya kawaida tangu mwanzo.

Sasa tuna sababu ngapi? Nimepoteza hesabu.

#26 Mwanga wa Pembeni

Zote nimeziangalia kwenye kompyuta. Nimerudisha B kwenye simu nikaziweka pembeni kwa pembeni. Kwa haki kabisa, huko A imepata nguvu, hasa pazia. Lakini uso wa B bado naupenda zaidi, na mwenzangu hapa nyumbani ambaye hajui ipi ni ipi ameonyesha B pia.

#27 Fundi Lenzi

Kwa sababu chenga...

#28 Kiti cha Mbele

Tunajua Fundi.

#29 Bi Kivuli

Tufanye jaribio la haki basi. Kamera zote kwenye mguu wa kamera (tripodi), mahali pamoja, fremu moja. Zote zipige RAW, yaani faili ghafi ambalo halijachakatwa kuwa picha. Kuzigeuza kuwa picha kufanywe na programu moja kwa mpangilio mmoja, bila makali ya kuongeza. Zipunguzwe hadi pikseli sawa, zichapishwe kwenye karatasi ili hoja ya skrini ife. Kisha waonyeshwe watu wasiojua kitu.

#30 Namba Tupu

Angalieni neno RAW kwenye simu. ProRAW ya Apple, iliyoanza Desemba 2020 kwenye iPhone 12 Pro, ni faili iliyokwisha kuunganisha picha kadhaa kabla haijakufikia. Jaribio la Bi Kivuli linahitaji programu ya kupigia picha inayotoa RAW ya mfiduo mmoja, la sivyo unapima tena kile unachotaka kukiondoa.

#31 Dada Shata

Jaribio linalofanana na hilo nimelifanya kwa ajili ya wanafunzi wangu wa upigaji picha, kwa RAW ya mfiduo mmoja na karatasi ndogo. Nje mchana, wengi walishindwa kutofautisha, na waliochagua walichagua kwa sababu ya rangi ya majani. Chumbani jioni, kamera ilishinda wazi kwa chenga. Penye dirisha ubavuni waligawanyika, na hapo ndipo palikuwa na mabishano makali zaidi. Mmoja alichagua picha ya simu na kuisifia kwa maneno yale yale mleta mada aliyoyatumia kwa B.

Kwa hiyo Bi Kivuli ana sehemu yake, Fundi ana sehemu yake jua likizama, na mimi sijaacha hoja yangu ya umbali.

#32 Mzee wa Filamu

Na mwenye mkono aliyeshika hizo kamera alikuwa mmoja, zikiwa kwenye mguu, fremu ikiwa imeshaamuliwa. Umeondoa kila nilichokisema mimi kabla ya kuanza kupima.

#33 Dada Shata

Kweli mzee. Hilo halipimiki kwa mguu.

#34 Mwanga wa Pembeni

Nashukuru wote. Niongeze nilichokiona baadaye. Nikipiga jengo kwa 24, kona za picha ni laini, matofali ya pembeni yamelowa ukungu ingawa katikati ni makali. Nikifunga hadi f/11 nilitegemea zitakaa sawa, badala yake picha nzima ikalegea. Hii ni kawaida?

#35 Fundi Lenzi

Hapa nisikilizwe. Yote mawili ni kawaida.

Lenzi ndogo pana kama hizi kwa asili zinapinda mistari kwa nje. Badala ya kuongeza vioo, wabunifu wameacha upindaji huo na kuinyoosha picha kwa programu ndani ya kamera. Panasonic LX3 ya 2008 ilikuwa tayari inafanya hivyo. Kunyoosha ni kuzivuta kona, na pikseli zilizovutwa zinalegea. Ukifungua RAW kwa programu isiyonyoosha utashangaa jinsi ukuta ulivyo na tumbo.

Kuhusu f/11, mwanga ukipita tundu dogo mno unatawanyika. Kwa sensa ya inchi 1, f/8 tayari inaanza kulegea. Jengo lipige f/4 au f/5.6. Usiogope kukosa kina (sehemu ya mbele hadi nyuma inayoonekana kwa makali), sensa ndogo inakupa kina kingi hata hapo.

#36 Mgeni Hapa

Nimejifunza mengi. Swali la mwisho: yenye zumu au ile ya lenzi moja, kama Ricoh GR, yenye sensa ya APS-C (kubwa kuliko ya inchi 1)?

#37 Mzee wa Filamu

Lenzi moja. Ricoh walianza GR1 ya filamu 1996 na 28 f/2.8, na GR III ya 2019 bado ni sawa na 28 f/2.8. Moriyama Daido, mpiga picha wa mitaani wa Japani, amezitembeza GR barabarani miaka na miaka. Ukikaa na urefu mmoja, mguu unajua pa kusimama kabla jicho halijaangalia.

#38 Namba Tupu

Na GR III ina fokasi ya kuweka umbali mapema. Lenzi halisi ni milimita 18.3. Ukiweka f/8 na mita 2.5, kuanzia mita 1 na kidogo hadi mbali kabisa kila kitu kinakuwa na makali ya kukubalika. Unabonyeza bila kusubiri fokasi itafute. Sensa yake ni karibu milimita za mraba 367, zaidi ya mara tatu ya inchi 1. Ila GR III haina flashi ya ndani, GR II ilikuwa nayo. Kipanga atasikitika.

#39 Kipanga

Nimeshasikitika.

#40 Dada Shata

Mzee, nakuheshimu, lakini Mgeni hajasema anapiga nini. Kama ni watoto wanaocheza mbali naye au mtu jukwaani, 28 pekee itamfanya akate nusu ya picha kila siku, na ile sensa kubwa aliyoibebea itaishia kwenye kipande kidogo cha katikati. Mgeni, pitia picha ulizopiga kwa simu mwaka huu, uone ni ngapi ulivuta kwa vidole. Kama ni nyingi, chukua zumu.

#41 Mzee wa Filamu

Au asogee karibu.

#42 Dada Shata

Jukwaani, mzee?